Historia ya Jenerali, Mjenzi wa Magari ya Vita Yasiyopigana

Ndugu, majirani na jamaa wote mliofika, kabla miwani haijakaa sawa puani na kabla mstari wa kwanza haujasomwa, kila mmoja wenu aape moyoni mwake kwamba yatakayosemwa hapa yataishia hapa, hayatavuka lango lile, hayatafika sokoni wala saluni wala kwenye foleni ya maji, kwa kuwa dada wa marehemu, huyu aliyepewa na ukoo kazi ya kuwasomea, aliapishwa kuficha jambo moja tarehe 8 Novemba 1987, akalificha miaka thelathini na mitano na miezi minne, yeye ambaye hajawahi kuficha hata bei ya viatu vyake, na leo amechoka. Mmeapa? Vizuri. Na ambaye hakuapa shauri yake, maana hata aliyeapa anakwenda kukivunja kiapo chake mchana kweupe.

Marehemu, ambaye karibu nyote mlimjua kwa jina la Jenerali, alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 12 Mei 1953, saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha pili kutoka kwenye tangi la maji, kile chenye mlango wa kijani uliokuwa haufungi mpaka usukumwe kwa goti, akiwa mtoto wa tatu na kitinda mimba wa baba aliyeendesha treni za mizigo na mama aliyeshona sare za shule, nyuma ya kaka yake mkubwa, ambaye ni karani mstaafu na ndiye yule aliyekaa mbele na funguo mfukoni, na nyuma ya dada yake, ambaye ndiye huyu.

Alianza shule ya msingi Januari 1961, akamaliza Novemba 1967 akiwa wa tisa darasani, na tarehe hizi zimehakikiwa na binti yake kwenye vyeti, kwa sababu dada mtu aliishia darasa la nne na hakumbuki mwaka kwa namba, hukumbuka kwa aliyekuwa ameachika mwaka huo. Katika miaka hiyo marehemu alitengeneza gari la makopo, akalifunga vipande vya mpira wa baiskeli chini ili lisitikisike, akaweka yai bichi mahali pa dereva, akalivuta kwenye mawe ya reli kuona kama yai litafika zima, na mayai kumi na moja ya mama yakaisha kwa njia hiyo, mama akimlaani nguchiro. Dada yake ndiye pekee aliyeijua siri hiyo, na siri hiyo alikaa nayo kwa muda wa kutoka relini hadi jikoni.

Kuanzia mwaka 1971 hadi 1973 alisoma chuo cha ufundi, fani ya bodi za magari, na tarehe 7 Januari 1974 akaajiriwa katika kiwanda cha kuunda mabasi, akawa fundi wa kunyoosha na kukunja bati kwa miaka kumi na miwili, mtu ambaye ukimwonyesha picha ya kitu chochote alikata karatasi ngumu kwa mkasi, akaikunja mezani, na kile kitu kikasimama mbele yako kama kimeitwa.

Mwaka 1983 alinunua godoro la springi kwenye duka lililotazamana na kiwanda, baada ya siku tatu akalirudisha kwamba linapiga kelele, fundi wa magodoro, mwanamke mwembamba mwenye sindano tatu kifuani, akalipasua mbele yake, akapapasa springi moja moja, akamwambia, "Kaka, godoro hili halina kelele, mwenye kelele ni wewe," naye marehemu akalirudisha mara nyingine mbili, na mara ya mwisho alikuwa amesahau kulibeba godoro lenyewe. Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 20 Agosti 1983, na huyo ndiye wifi yetu, mjane aliyekaa leo pembeni ya jeneza, au aliyekuwa amekaa.

Mwishoni mwa mwaka 1985 walikuja watengeneza filamu kiwandani, wakitaka magari sita ya deraya ya zamani, kwa sababu jeshi halikuwa tayari kuazimisha ya kweli, wakubwa wa kiwanda wakacheka, marehemu hakucheka, akaomba picha, na tarehe 3 Februari 1986 akaacha kazi na kufungua karakana yake nyuma ya kiwanda cha sabuni, ambako alikata mabati, akayatoboa na kuyapiga namba, akayapanga kwenye masanduku pamoja na bolti zake, ili mnunuzi ayaunganishe mwenyewe juu ya chasisi ya pikapu kuukuu, na baada ya wiki mbili awe na gari la vita la kutisha mtaa mzima. Hapo ndipo alipoitwa Jenerali, jenerali ambaye tairi likipasuka barabarani alikuwa chini ya meza kabla ya paka.

Sasa sogeeni karibu, kwa sababu hapa ndipo dada mtu alipokatazwa kufika.

Magari yale sita yalikuwa mazuri kwa macho, lakini yakitembea yaliruka kama mbuzi, na siku ya pili ya kupiga picha mwigizaji aliyekuwa kamanda, akiwa amesimama kwenye tundu la juu na kunyoosha mkono kuamuru mashambulizi, gari lilipita kwenye shimo, kidevu chake kikagonga ukingo wa bati na jino la mbele likaondoka. Mwenye filamu alitoa siku kumi, akasema yakiendelea kuruka atayarudisha yote sita. Marehemu aliongeza mabamba kwenye springi ili ziwe ngumu zaidi, gari likazidi kuruka, akaongeza mengine, likaruka hata likiwa limesimama, akaacha kula, akawa anakaa karakanani na yai mkononi, jaribio lile lile la utotoni, analiweka kwenye kiti cha kamanda, anapita mashimo matatu ya nyuma ya kiwanda cha sabuni, anarudi na kitambaa cha kufutia.

Siku ya Jumapili, tarehe 8 Novemba 1987, saa tisa mchana, dada mtu alikwenda karakanani kuazima pasi, na kwa kuwa hakuna aliyemsikia akibisha, au tuseme hakubisha, aliingia na kumkuta Jenerali amekalia ndoo iliyopinduliwa, binti yake wa miezi minane mapajani, chupa ya maziwa mkono wa kushoto na spana namba kumi na saba mkono wa kulia, anaipitisha chini ya gari, na kutoka chini ya gari ilitokeza miguu miwili yenye ndala za wifi yake. Sauti ya wifi ilikuwa inatoka huko chini, ikisema, "Baba Nanii, ukimlaza mtoto kwenye godoro la mtu mzima analala? Si anarushwa tu! Gari la kweli lina chuma kizito, springi zake zimezoea mzigo. Hili lako ni bati. Umelifunga springi za tembo na wewe una sungura." Akatoa mabamba matatu kila upande, akachagua yaliyobaki marefu na membamba, akayaning'iniza upande wa nyuma kwa pingili ya chuma inayobembea, ili springi ikibanwa ipate pa kunyookea, akahamisha shokapu zikasimama mshazari, kisha akajitokeza, uso mzima grisi, akamwona wifi yake mlangoni.

"Wifi," akasema, "umeona nini?"

"Nimekuja kuazima pasi."

"Pasi utapewa. Umeona nini?"

"Nimeona ndala."

Wakamwapisha kwa maziwa ya mama, wote wawili, kwa sababu mwenye filamu alikwisha sema kwamba hatapandisha waigizaji wake kwenye gari lililotengenezwa na fundi wa magodoro, na wifi mwenyewe akasema neno ambalo hajalibadili mpaka leo, kwamba yeye anataka kazi, hataki maneno. Jioni hiyo yai lilipita mashimo matatu likarudi zima, wakapita tena, likarudi zima, wakalikaanga akala mtoto, na gari halikuruka tena.

Ieleweke basi, na dada mtu anaomba isikike vizuri hadi kule nyuma, kwamba marehemu hakuwa mwongo, bati lilikuwa lake, jicho lilikuwa lake, kila bodi mliyoiona kwenye maonyesho na makumbusho ilitoka kwenye mkasi wake, lakini kila kilichokuwa chini ya bati, kila springi, kila pingili na kila shokapu, katika magari mia mbili na kumi na manne, kilitoka kwa mkewe, ambaye alikuwa akiingia karakanani mafundi wakitoka kwenda kula, na kutoka wakirudi, wao wakidhani ameleta chakula. Walipata watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1987, ambaye sasa ni mwalimu wa hesabu, na wa kiume aliyezaliwa tarehe 19 Juni 1991, ambaye ni nahodha wa meli na anatusikiliza kwa simu.

Siku ya Ijumaa, tarehe 17 Oktoba 2003, marehemu alipewa tuzo ya ubunifu wa magari, akapanda jukwaani na suti ya kuazima, akamtazama mkewe katika safu ya tatu, mkewe akatikisa kichwa mara moja, polepole, kama anayemkataza mtoto sukari, naye marehemu akasema tu, "Sio mimi peke yangu," akashuka, watu wakapiga makofi wakidhani anamshukuru Mungu. Dada mtu alikuwa ameketi hapo hapo, akauma leso mpaka ikatoboka.

Mwezi Agosti 2022 alianza kuugua moyo, akatibiwa na kurudi nyumbani, akalazwa tena tarehe 20 Februari 2023, wodi ya pili, kitanda cha dirishani, na huko ndiko alikomwita dada yake peke yake, akamwambia kwa sauti iliyokuwa imebaki kidogo, "Dada, mdomo wako umenitesa maisha yangu yote, safari hii nautuma. Wakitaka kufunga karakana, sema. Na mnipeleke kwa gari letu la mwisho, zamu hii yai ni mimi." Alifariki dunia siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa, miezi kumi na siku mbili, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Na kweli walitaka kuifunga. Juzi Alhamisi ukoo ulikaa sebuleni, kaka mkubwa akasema kwa uchungu, na hakuna anayemlaumu, kwamba fundi ameondoka na elimu yake, kwamba magari tisa yaliyoagizwa na jumba la makumbusho hayawezi kumaliziwa na mtu asiyejua siri ya springi, kwamba mafundi saba watafutiwe pengine na kufuli litiwe Jumatatu, naye wifi, mwenye elimu hiyo yote, akainamisha kichwa akihesabu maua ya zulia, kwa sababu aliahidi, na kwa sababu ni mkaidi.

Kwa niaba ya familia, tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyemruhusu marehemu kuchora kwenye shuka, tunawashukuru majirani waliovumilia nyundo kwa miaka thelathini na saba na hata leo wakaleta viti, tunawashukuru mafundi saba waliolipaka rangi gari hili la mwisho, lililomleta marehemu, kwa siku tatu bila kuambiwa, tunamshukuru dereva aliyeliendesha taratibu, ambaye bila shaka anajiuliza ni kitu gani kilikuwa kinagonga nyuma kushoto, ko, ko, ko, kutoka nyumbani hadi hapa.

Mliisikia wote. Wifi aliisikia kuliko wote, alikuwa akigeuza shingo kila shimo, na karatasi hii, ambayo iliandikwa jana kabla gari halijagonga, inajua kwamba wakati dada mtu anasoma habari za shule ya msingi, na nyinyi mmeinamisha vichwa kwa heshima, kiti cha mjane kilibaki kitupu. Hakwenda kulia. Geukeni nyuma, taratibu, msimshtue, tazameni chini ya gari lile la deraya. Mnaziona ndala? Leo ni nyeusi, za msiba, lakini miguu ni ile ile ya mwaka themanini na saba, na mkononi ana spana namba kumi na saba, ambayo mjane mwingine yeyote asingekuja nayo mazishini.

Toka, wifi, umekamatwa. Usiendelee kupapasa majani, nati ya shokapu haikuanguka njiani, dada mtu aliifungua mwenyewe leo asubuhi ulipokuwa unavaa, imo humu kwenye mkoba, pamoja na pipi za kikohozi, njoo uichukue. Nawe kaka mkubwa, hizo funguo mfukoni mwako, mpe mwenye grisi usoni, na Jumatatu mlango ufunguliwe saa mbili kama kawaida.

Na wewe, Jenerali wetu, ujumbe wako umefika, mdomo umerudi salama. Hakuna shimo tena mbele, yai limefika zima. Pumzika, ndugu yetu, kwa amani isiyotikisika.