Kilo za Binti

"Kichocho chake na changu tumekitoa bwawa moja," alisema mpakia magunia kwenye kiti cha mbele yangu basini, binti yake amelala mapajani. "Nilimeza vidonge vinne, naye atameza vinne. Wadudu wake niwahurumie kwa nini?"

Jirani yake wa kiti, mwanamke mwenye duka la dawa, akacheka kidogo. "Kaka, vile vinapimwa kwa kilo za mtu, siyo za mdudu. Huyu ana kilo ngapi?"

"Sijui. Mimi nambeba tu."

Mtu anayejua uzito wa kila gunia sokoni! Akamwinua kwa mikono miwili, kama anavyopima mzigo. Akamwinua tena, taratibu.

"Dada, mbona mwaka jana alikuwa mzito kuliko hivi?"

Basi likasimama. Kituo kilikuwa changu, lakini sikushuka.