Uso wa Wamboi na Mafuta ya Kiwele

Pale Kitale, karibu na stendi ya magari ya Endebess, kuna benchi lililoegemezwa kwenye ukuta wa kinu cha kusaga mahindi, na Sellah huuza kahawa hapo tangu alfajiri. Wenye benchi ni watatu. Nderitu, fundi wa simu, huitwa Mtandao kwa kuwa hakuna jambo asilolijua, hata lile lisilokuwepo. Sifuna huuza dawa za mifugo Chwele siku za soko, na siku nyingine hushinda hapa akitibu watu bila kuombwa, ndiyo maana anaitwa Daktari. Wa tatu ni Gathii, mfugaji wa Endebess, anayeleta maziwa mjini kwa pikipiki. Yeye huitwa Jaji, kwani hukata kesi kabla ya kusikiliza shahidi. Alhamisi hiyo Jaji alifika amefura. Hakusalimia mtu. Alitua mitungi yake mitupu chini na kusimama mbele ya benchi, mikono kiunoni.

— Leo hapa kuna mtu atanieleza. Nani ameharibu uso ya mtoto wangu?

— Keti kwanza, Jaji, kahawa iko moto, Nderitu alisema.

— Sikai! Wamboi amesema haendi Bungoma. Amekunja zile nguo zake zote, ameingiza kwa gunia ya mbolea, amefunga na kamba. Ati hawezi simama mbele ya watu na uso kama hiyo.

Kila mtu benchini alijua habari ya Bungoma. Jumamosi hiyo kungekuwa na mashindano ya kosplei, yale ya vijana kuvaa na kujipamba wakawa wahusika wa katuni, na Wamboi, kitinda mimba wa Gathii, alikuwa amejiandaa miezi minne. Mwanzoni baba yake alibeza. Ati msichana wa miaka ishirini anacheza na vikaragosi! Kisha jioni moja akamkuta anakata sponji la godoro kuukuu, analipasha moto, analipaka rangi, hadi likawa vazi la chuma ambalo ungeapa limetoka kwa mhunzi. Tangu siku hiyo alijivuna kwa kila mteja wa maziwa. Ila kwa Wamboi mwenyewe hakusema neno.

Halafu chunusi zikatokea, kama wiki tatu zilizopita, kwenye paji na mashavuni. Gathii akaleta kesi benchini, na benchi likatoa dawa.

— Mtandao, wewe ndiye ulisema dawa ya meno, Gathii alianza.

— Dawa ya meno na ndimu. Na nilisema usiku mmoja! Nyinyi mliweka ngapi?

— Tano.

— Sasa unaona? Si makosa yangu. Na kukamua je, mlikamua? Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Chunusi ni vile vile, unaikamua ikiwa mbichi.

— Alikamua! Ikawa kidonda!

— Basi alichelewa. Chelewa chelewa utapata mwana si wako.

— Mwana ni wangu, Mtandao! Gathii alifoka. — Hiyo ndiyo shida, ni wangu!

Sifuna alikohoa. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, macho chini, na Gathii alijua kikohozi hicho. Ni kikohozi cha mtu anayetaka kutoroka kwa kupita nyuma ya nyumba.

— Na wewe Daktari usikohoe. Wewe ndiye uliniuzia ile mafuta ya kukamulia.

— Mimi niriuza mafuta safi, Sifuna alijibu, ulimi wake ukigeuza l kuwa r kama kawaida yake. — Hiyo mafuta inapakwa kiwere ya ng'ombe asubuhi na jioni. Kiwere inakuwa raini, haipasuki. Wewe ushawahi ona ng'ombe iko na chunusi?

Nderitu alitikisa kichwa taratibu.

— Hapo amesema kitu. Mimi sijawahi ona.

— Kwa hivyo mafuta ni mzuri, shida ni uso, Sifuna aliendelea, sasa amepata nguvu. — Uso yake ni ya baridi ya Mount Elgon. Umeshaanza kuiambia mambo ya Bungoma, joto ya huko, na ngozi inasikia. Inajitayarisha mbere. Hizo chunusi ni jasho ya Jumamosi inatoka Arhamisi.

— Wacha hiyo, Nderitu alidakia. — Ni simu. Huyu mtoto anaangalia hizo katuni usiku mzima. Mwanga ya simu inapika ngozi pole pole, kama githeri kwa sufuria. Nimefungua simu elfu, najua.

— Na gundi ya sponji? Sifuna aliuliza.

— Gundi pia. Gundi inapanda hewani, inatafuta mtu msafi.

— Mimi nasema ni wale wa kushindana naye, Sifuna alishusha sauti. — Mtu ameona nguo ni kali, ametuma kitu. Kikulacho ki nguoni mwako. Si ni nguo tunaongea?

Gathii alihisi damu inapanda kichwani. Wiki tatu alikuwa amewasikiliza watu hawa. Wiki tatu amebeba ushauri wao hadi Endebess kama mtu aliyebeba mayai, na huko nyumbani mtoto anaziba kioo kwa kanga. Alikasirika kweli. Aliwakasirikia hao wawili, na ndimu, na ng'ombe wake wote sita.

— Nyinyi ni watu bure kabisa! Mtoto ameshona miezi nne, vidole vimetobolewa na sindano, na nyinyi mnaniambia jasho ya Jumamosi? Hiyo mashindano ni mara moja kwa mwaka! Nani atamrudishia?

Sellah alikuwa anaosha vikombe kwenye karai. Yeye huwa hachangii hovyo, lakini akisema, huwa ameshapima.

— Baba Wamboi, hebu niulize. Hiyo mafuta ya kukamulia alikuwa anajipaka mwenyewe?

Gathii alisita.

— Si… jioni nikitoka kukamua.

— Ukitoka kukamua, nini?

— Kwetu ilikuwa hivyo. Mama yangu akimaliza ng'ombe, mafuta inabaki kwa mkono, haimwagwi. Anaita mtoto mdogo wa mwisho, anampaka uso. Tulikuwa tunang'aa, Sellah! Hata shuleni walimu walikuwa wanasema. Wamboi nimempaka hivyo tangu akiwa hivi.

Alionyesha kimo cha goti.

— Na sasa yuko hivi, Sellah alisema, akaonyesha kimo cha kichwa chake mwenyewe. — Na hiyo mkono imetoka chini ya ng'ombe. Hata wakati alikuwa na chunusi uliendelea?

— Niliongeza, Gathii alisema.

Kinu kilinguruma nyuma ya ukuta na unga ukatua juu ya vikombe. Gathii alitazama viganja vyake. Alitaka sana kumkasirikia mtu, na kila aliyemtafuta alikuwa amevaa gumboot zake yeye mwenyewe. Akarukia njia ya karibu.

— Lakini yeye si angekataa? Ako na mdomo!

— Angekukataza vipi, na unampaka na furaha hivyo? Sellah aliuliza, akarudi kwenye karai lake.

— Kuna dawa nyingine lakini, Sifuna alisema haraka, mkono tayari mfukoni. — Ya kuosha kupe. Unachanganya kidogo tu, kifuniko moja…

— Daktari, hiyo kopo ikitoka mfukoni nitakunywesha wewe!

Hapo ndipo msichana mmoja alisimama mbele yao, mkoba wenye karatasi begani, viatu vimejaa vumbi. Paji lake la uso lilikuwa na makovu madogo ya chunusi za zamani, na hakuwa ameyaficha kwa lolote.

— Habari zenu wazee. Natafuta Mzee Gathii wa maziwa.

— Ni mimi. Wewe ni wa nani?

— Naitwa Lenah, nimetoka Bungoma. Sisi ndio tunapanga ile kosplei ya Jumamosi. Wamboi simu yake imezimwa tangu jana, na aliandika kwa fomu, asipopatikana tuulize baba yake hapa kwa kahawa.

— Haendi, Nderitu alisema. — Uso.

— Chunusi? Lenah aligusa paji lake. — Mimi nilikuwa nazo mbaya sana. Nilienda kliniki nikaambiwa niache kupaka vitu, nioshe na sabuni isiyo kali na maji, nisikamue, nivumilie miezi. Zilipungua. Na Jumamosi rangi ya uso tunapaka sisi, ile isiyochoma, na asipotaka anaweza kuja hivyo hivyo. Nusu yetu tuko nazo.

Wazee watatu walimtazama kama mtu aliyewanyang'anya mpira.

— Miezi? Sifuna alinong'ona. — Hiyo si dawa.

Lenah alitoa fomu na kalamu.

— Lakini kuna kitu moja hakujaza, na leo lazima nichapishe kadi. Mzee, Wamboi atakuwa nani?

— Atakuwa nani vipi?

— Mhusika wake. Jumamosi anaingia kama nani?

Gathii alifungua mdomo.

— Ni yule… ako na chuma hapa kifuani.

— Ako na mabawa, Nderitu alisema.

— Mabawa gani? Ni mkia, Sifuna akasema. — Nirisikia ni mkia.

— Jina tu, Lenah alisema. Kalamu ilikuwa imegusa karatasi.

Gathii aliangalia kalamu ile. Miezi yote minne alikuwa ameushika uso huo kila jioni kwa mikono miwili. Aliujua shavu kwa shavu. Na hakuwahi hata siku moja kuuliza ulikuwa unajiandaa kuwa nani. Hasira yote ikamtoka, na mahali pake pakabaki aibu.

— Sijui, alisema. — Sijawahi muuliza.

Gathii alifunga mitungi nyuma ya pikipiki, akapangusa kiti kwa mkono wa koti lake.

— Panda, mama. Twende Endebess umuulize wewe. Mimi nitanyamaza.