Nyapara Aliyegeuza Uso

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Suneka, mlioko Kenyenya na ndugu zetu wa Nyamira, leo tunamkumbuka Mzee Manasseh Ombati wa Tabaka. Alitutoka mwezi uliopita, Aprili mwaka huu wa 1974. Aliangukiwa na ukuta wa shimo lake mwenyewe la mawe.

Manasseh alianza kuchonga kabla ya Uhuru. Baadaye akafungua karakana yake: shimo moja, wachongaji wachache, na viboko wa mawe waliosafiri mpaka Ulaya, yeye mwenyewe hajafika hata Mombasa. Alikuwa mkali, tena mcheshi. Wafanyakazi wake walimpenda.

Mwaka wa 1972 alimfanya Momanyi nyapara wa shimo. Momanyi ni mkwewe, mume wa bintiye Gesare.

"Mtu wa nje ataniibia," mzee alisema.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mnaijua chinsoni, ile staha yetu Wakisii. Mtu hamkaribii baba mkwe ovyo, sembuse kumwona akiwa hana nguo. Na shimoni kuna joto, watu huvua mashati. Basi mzee akiteremka, nyapara anapanda. Mzee akikosea, nyapara ananyamaza. Wachongaji nao si wajinga, wakaanza kutega kazi. Mawe yakawa yanatoka yamepasuka.

Gesare alimwendea baba yake. "Tata, mtafutie Momanyi kazi nyingine. Hawezi kukusimamia wewe."

Mzee akacheka. "Kazini hakuna mkwe, mama. Kazi ni kazi."

Kwake yeye ilikuwa rahisi kusema hivyo.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, shimo limejaa maji. Mzee alivua nguo, akabaki na chupi tu, akaanza kuchota maji kwa ndoo. Momanyi alifika ukingoni. Aliona ufa ukutani, juu ya kichwa cha mzee. Akamwona na mzee vile alivyokuwa. Akageuza uso. Hakupiga kelele. Alikimbilia karakana kumwita mchongaji mmoja, Ogari, aje amwambie mzee atoke.

Waliporudi, ukuta ulikuwa umeshaanguka.

Inauma, wasikilizaji. Inauma sana. Tulipomtembelea Momanyi, alikuwa amekaa nje peke yake.

"Watu wananisifu kwamba nilimheshimu mpaka mwisho," alituambia. "Heri ningalimtukana. Angalikuwa hai."

Kwa mjane, Mama Drusilla, kwa Gesare na kwa Momanyi, tunasema poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Na wewe mwenye duka, wewe mwenye kinu cha kusaga, unapomweka mtu wako wa karibu kazini, jiulize kama ataweza kukukemea ukiwa hatarini. Mzee Manasseh alimtafuta mtu wa kumwamini, akampata. Lakini aliyepewa kazi ya kuangalia shimo ndiye pekee aliyekatazwa kutazama ndani.