Jasper Komora na Lango la Kila Kijiji

Baada ya miaka ishirini na mitatu katika Redio Mkondo, Garsen, fundi wetu wa sauti, Mzee Jasper Komora, anastaafu tarehe 31 Oktoba. Mimi Sumayya, msomaji wa matangazo, nimepewa kazi ya kumwandika, nami naifanya kwa moyo mzito.

Wengi mnamjua kwa ukali wake. Hakuna aliyewahi kuweka kikombe cha chai karibu na mtambo wake akasalimika, na mbuzi waliotafuna waya nyuma ya studio aliwagombeza kwa Kipokomo mpaka wenye mbuzi wakawahamisha. Mtambo huo aliuunda kwa mikono yake, na programu yake akaiandika mwenyewe, ili sauti kutoka studio zifike kwenye spika za vijijini: Kipokomo huku, Kiorma kule, Kisomali na Kiswahili kwingine.

Tangazo gumu kuliko yote ni la kifo. Kwetu, wafiwa huambiwa na wazee waliofika mlangoni, hawaambiwi na spika. Kwa hiyo Mzee Komora aliweka utaratibu: tangazo liende kote, ila spika ya kijiji cha marehemu ifungwe mpaka wazee wafike kwa wafiwa.

Vijiji vilipokuwa vichache, programu ilikuwa na amri yake kwa kila njia kutoka maikrofoni hadi spika. Vilipoongezeka, njia zikawa nyingi mno, mtambo ukalemewa, sauti ikawa inakatika katikati ya maneno. Akaviunganisha vijiji katika vikundi, kila kikundi na njia yake kuu. Sauti ikatakata. Tukampigia makofi, naye akatununulia mahamri ofisi nzima.

Kosa lilijificha humo humo. Kikundi kilipofunguliwa, vijiji vyake vyote vilifunguka, hata kile kilichofungwa. Christabel wa Idsowe alikuwa anaanika mpunga aliposikia jina la mwanawe Job kwenye spika ya kanisa, wazee wakiwa bado njiani.

Mzee Komora alikwenda kuketi naye mkekani. Christabel hakumlaumu, alimwambia tu kwamba siku hizi spika ikikoroma kabla ya tangazo, mikono yake hufa ganzi. Mzee Komora akarudi kazini. Akaiandika programu upya: vikundi vikabaki, lakini kila spika ikapewa lango lake la kuruhusu au kuzuia sauti, na lango hilo ndilo lenye uamuzi wa mwisho. Lango likifungwa, taa nyekundu ya kijiji hicho huwaka kwenye meza yake. Tangu hapo vijiji vimeongezeka mara nyingi, na kosa lile halijarudi.

Machi mwaka huu mkewe, Teresia, alikuwa mgonjwa nyumbani Chara. Yeye mwenyewe ndiye aliyemhimiza mumewe aende kazini, akisema amechoka kutazamwa. Asubuhi moja wazee wa Chara walinipigia simu. Teresia amefariki, wakasema, nasi tusimwambie mumewe kitu, wao wako njiani. Tukafanya kama alivyotufundisha, tukafunga lango la Chara kabla ya tangazo lolote. Hakuna aliyeikumbuka taa.

Aliiona. Akavua hedifoni, akafunga vifungo vya shati, akaenda kuketi kwenye kiti cha wageni. Sisi hatukuweza kumtazama usoni. Wazee walipoingia alisimama akawaamkia, akawasikiliza tangu mwanzo mpaka mwisho kama mtu asiyejua lolote. Hakuwakatiza hata mara moja. Walipomaliza ndipo akalia, nasi tukalia naye.

Mzee Komora, unatuachia mtambo ukiwa mzima, na Issack uliyemfunza ameshaanza kutufukuza na vikombe vyetu vya chai. Studio itakuwa na ukimya ambao hatujui tutaufanyia nini. Tunakushukuru kwa kila mlango uliobishwa kabla ya spika kusema. Rudi Chara salama, kwenye migomba yako. Mungu akupe uzima, na kila habari itakayokufikia ije na mtu.