Kengele mu Kaji ya Paulin

Bandugu, na benyewe mulikesha na sisi hapa Katuba, mimi Floribert, mukubwa wake, ndiye familia ilituma kusoma maisha ya Paulin Bwalya, na nitasoma pole pole, juu mwisho ya haya maneno inahusu ninyi bantu ba mugodi, benye kurudi kazini kesho.

Alizaliwa Mitwaba, tarehe 14 marsi 1984, baba yetu Mutale akiwa mufanyakazi wa treni, akasoma masomo yote hapa Katuba, akamaliza informatique, masomo ya kompyuta, ku université mu 2008, kichwa ngumu tangu utoto, alikuwa anafungua radio ya baba na kuirudisha bila kubakisha visi, ile misumari ya kukaza.

Tarehe 2 februari 2010 aliingia kazi ku mugodi, na tarehe 18 agosti 2012 akaoa Syntiche, mwenye kukaa pale mbele, wakazaa Abigaïl na Osée.

Kazi yake ilikuwa kaji, ile sanduku ya chuma yenye kushusha bantu chini. Programu yake iliandikwa mu luga ya katikati, kati ya mutu na mashine, yenye kupanga hesabu moja juu ya ingine sawa sahani, ya mwisho kuwekwa ndiyo inatoka kwanza, na mashine ilikuwa inaisoma pole pole, neno kwa neno, hata mu 2023 bakubwa bakataka mbio, Paulin akaigeuza yote kuwa amri za mashine yenyewe, kaji ikakimbia, na sisi tukajivuna.

Lakini munajua desturi yenu, kaji ikipita fasi mwenzenu alikufia, munapiga kengele ya kaji, yenye kufungwa ku ile mashine. Ile kengele inakatiza hesabu katikati, na zamani mashine ilikuwa inaona sahani yenye kubakia, inasimama, lakini mu amri mupya hakuna tena mwenye kuangalia, kila kengele inaacha sahani moja, na siku moja freni, yenye kuzuia kaji, itachukua hesabu yenye haiko yake, na kaji itaanguka na bantu ndani.

Aliona ile kosa mu marsi mwaka huu, ugonjwa wa mafigo ukiisha kumushika, akaambia bakubwa, bakamujibu apone kwanza. Ku kitanda hakuomba padri, aliomba basimamishe kaji, na ile inaniuma mpaka leo. Alituacha tarehe 9 juni 2025, na Gracia, mwenzake wa kazi, hajamaliza kutengeneza ile kosa.

Tunashukuru banganga, majirani benye kuleta unga na makala ya kupikia, na bakubwa ba kazi pia, hata kama roho yangu inakataa. Na ninyi ba kaji, jana muliahidi Syntiche kwamba kesho mutapiga kengele ku kila ngazi ya mugodi, kwa heshima yake. Tunawaomba, musipige hata moja.

Paulin, pumzika kwa amani, na kesho kule chini kukuwe kimya.