Mama Pumua na Sauti Aliyotuachia

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mama Pumua tu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, kitinda mimba wa mkunga na fundi cherehani, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1991 akahitimu chuo cha mionzi.

Mwaka huohuo aliajiriwa hospitali kuu, na mashine ya CT, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, ilipofungwa mwaka 2006, ikiwaamuru wagonjwa kwa lugha wasiyoielewa, alijifungia nayo chumbani akairekodia sauti yake mwenyewe, vuta pumzi, bana, haya pumua, na jina likamfuata hadi sokoni.

Tarehe 14 Agosti 1993 alifunga ndoa na fundi seremala, wakajaliwa mabinti wawili, na mume huyu, tunamsema kwa upendo akiwa hapahapa, ni mbishi wa kutupwa, kwani kikohozi kilipomng'ang'ania mwaka jana na daktari akaagiza CT ya kifua, aligoma katakata, eti jirani alidungwa sindano humo akaungua mwili mzima. Mama Pumua akamweleza, jioni baada ya jioni, chakula kikipoa, kwamba CT si ya aina moja, ya jirani ilikuwa ya dawa ya mshipani, inayong'arisha mishipa ya damu na kuleta joto la muda mfupi tu, aliyeanguka hupigwa ya kichwa bila dawa, na yake yeye ni ya mionzi kidogo, haina sindano, pumzi moja tu basi, lakini wapi!

Aprili mwaka huu Mama Pumua naye alianza kuumwa tumbo, akalala kwenye mashine yake mwenyewe, na aliposikia sauti yake ikimwamuru abane pumzi alicheka hadi picha ikaharibika, ikarudiwa, na ya pili ikaonyesha uvimbe kwenye kongosho. Alifariki nyumbani tarehe 2 Septemba 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe, na ombi lake la mwisho lilikuwa kwamba mzee akapimwe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia siku zote hizi, na wafanyakazi wenzake, ambao jana walikuja kutuambia kwamba sauti yake haitafutwa mashineni. Mzee akawauliza kama Jumatatu kuna nafasi ya kupimwa.

Basi Jumatatu mumeo atalala pale, atabana pumzi, na wewe ndiye utakayemwambia apumue. Umetuhangaikia vya kutosha, Mama Pumua, sasa pumzika kwa amani.