Glenys Hepworth, Katibu Asiyetoka Kwenda Kunywa Chai

Ninaandika wasifu huu kwa niaba ya watumishi wa ofisi yetu, kwa kuwa Komredi Glenys Hepworth, katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi wa halmashauri hapa Ravensike, anastaafu Jumatatu, tarehe 31 Machi 2025, baada ya utumishi wa miaka thelathini na sita.

Aliajiriwa mwaka 1989 kama mpiga chapa. Kazi ya pili alijipa mwenyewe: kuwauliza wakubwa kwa nini. Imani yake haijayumba. Maji, reli na matunzo ya wazee ni mali ya umma, na serikali ya Labour, chama tunachokiunga mkono, haina budi kuhojiwa kwa ukali uleule wanaohojiwa nao Wahafidhina, pengine zaidi, maana kikulacho ki nguoni mwako.

Wajumbe wa zamani hawajasahau mkutano wa mkoa kule Scarborough, ambako wajumbe wa matawi tisa walifungiwa chumba kimoja waziunganishe hoja zao kuwa moja. Desturi inajulikana: anayetoka kunywa chai hurudi akakuta dai lake limeng'olewa meno. Glenys aliingia na chupa yake ya chai na mikate ya jibini, akakaa humo kwa muda wa saa sita. Afisa mmoja alijaribu kumlainisha: "Mama, nje kuna chai ya moto, na biskuti." Akajibu: "Yangu hii hapa inafuka mvuke, mwanangu. Nenda wewe, nitakulindia kiti." Dai letu la nyumba za halmashauri lilitoka na meno yote.

Hata hivyo, angetukasirikia tukimchora malaika. Mwaka 2011 halmashauri ilipotaka kuuza nyumba mbili kati ya tatu za kutunzia wazee, tawi liliandaa hoja ya kuwataka madiwani tuliowafanyia kampeni wapinge. Kamati ya mkoa iliomba hoja isipigiwe kura, bali ikabidhiwe kwao waishughulikie kwa utulivu. Glenys alikubali, kwa ajili ya umoja. Nyumba zote mbili ziliuzwa kabla ya Krismasi. Tangu hapo humwambia kila mjumbe mpya: "Niliwakabidhi hoja, nao wakaikabidhi kwa kabati. Usije ukarudia upumbavu wangu, kipenzi, umesikia?"

Sasa nyumba ya tatu, Larkfield, yenye wazee thelathini na wanne, inatakiwa iuzwe. Madiwani watapiga kura Ijumaa, tarehe 28. Kamati ya mkoa imekwisha kutuandikia, kwa upole uleule, ikiomba tuwakabidhi hoja yetu ya kupinga. Glenys amejibu kwa mstari mmoja kwamba itapigiwa kura kwenye mkutano wa tawi. Tatizo ni akidi: tunahitaji wanachama hamsini, na mwezi uliopita walifika thelathini na mmoja.

Mweka hazina wetu, Desmond Okell, alipomwuliza angependa zawadi gani ya kuagwa, jibu lilikuja papo hapo: "Des, ndugu yangu, saa ya ukutani ninayo, tena mbili. Niletee watu hamsini wenye mikono ya kunyoosha."

Komredi Glenys, tunakushukuru kwa ukaidi wako uliotulea. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na ajenda, na bustani isiyo na konokono.

Wanachama wenzangu, zawadi yake haiwezi kununuliwa dukani. Mkutano wake wa mwisho ni Alhamisi, tarehe 27 Machi, saa moja kamili jioni, Ukumbi wa Mtaa wa Foundry.